Chekeche Lililotoboka la Bibi Rababu

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Rababu. Alichekecha mchanga wa mafundi, na riziki yake ilitoka humo. Mwaka huo alimchekechea Fundi Ghailani, aliyekuwa akijenga birika la msikiti. Fundi huyo alitaka lipu nyororo kama shavu la mtoto, na aliapa kwamba atakayeingiza punje nene katika mchanga wake ataiaga kazi siku hiyo hiyo.

Kuta tatu zikapigwa lipu. Siku ya ukuta wa nne, ule wa upande wa kibla, Rababu aliinua chekeche lake akaona jua likipenya. Lilikuwa limetoboka. Punje nene zilishapita, na lipu ilishapigwa. Akajiambia atasema kesho; kesho ikazaa kesho nyingine.

Birika lilipojazwa asubuhi, maji yalishuka nusu kabla ya adhana ya alasiri. Ghailani akamgeukia Jundubu, mchukuzi wa chokaa, akasema ameleta chokaa mbovu na asionekane tena mahali pale.

"Fundi," akasema Jundubu, "chokaa hii hii uliisifu juzi, ulipotaka kuazima punda wangu."

Watu wakacheka. Rababu hakucheka. Akinyamaza, mtu asiye na hatia atafukuzwa. Akisema, ndio mwisho wa mkate wake. Akamwomba Mola wake ampe uthabiti, kisha akasogea mbele.

"Mwache Jundubu, Fundi. Mwenye kosa ni mimi. Chekeche langu lilitoboka siku ya ukuta wa kibla, nami nikaficha, kwa kuwa niliiogopa njaa kuliko nilivyomwogopa Mola wangu."

Ghailani aliamuru maji yatolewe, akashuka birikani na nyundo ili aubomoe ukuta ule. Rababu akasubiri ukingoni, lakini hakusikia pigo hata moja. Kumbe kuta tatu za mchanga laini zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mchunga mbuzi, na ukuta wa kibla haukuwa na ufa hata wa kupitisha uzi. Fundi alipoukwaruza kwa mwiko, aliiona siri yake: punje nene zimeegemeana, za wastani zimeingia katikati yao, na zile laini zimeziba kila mwanya, hata chokaa ikakosa nafasi ya kusinyaa.

Akachomoza kichwa, ndevu zimejaa vumbi, akamwomba Jundubu radhi mbele ya watu wote. Kisha akasema, "Bibi Rababu, lete chekeche lako."

"Nimeshalishona, Fundi."

"Basi lifumue. Tuna kuta tatu za kupiga upya."

Ndugu zangu, safu zetu za sala nazo ni hivyo hivyo: mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, bega kwa bega, pasiwe na mwanya. Na ukuta ule ulikuwa imara tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeijua kheri yake mpaka mjane aliposema kweli. Mola atujaalie ndimi kama ulimi wake.