Kofia ya Somoe na Usingizi Uliorudi

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, bali zamani ambazo zahanati ilikwishajengwa na vidonge vilikwishafika, paliishi mwanamke jina lake Somoe, mshona kofia. Kofia zenyewe ni zile za mkono, za vitobo, ambazo kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kisimame. Kazi hiyo haitaki papara, wala haitaki mkono unaotetemeka. Na mkono wa Somoe ulikuwa unatetemeka.

Msiniulize kwa nini, nawaambia mwenyewe. Somoe aliwahi kupata maradhi ya akili. Yalianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa anasikia watu wanamwita kisimani, na kisimani hakuna mtu. Akapewa vidonge, vikamtuliza, mji ukashukuru. Lakini vidonge hivyo hivyo vikamfanya mzito, na sindano ikawa haioni kitobo. Akakaa hivyo, mzima lakini hana kazi. Jambo hilo lilimuuma kuliko watu walivyojua.

Siku moja akamwendea Haroub wa zahanati. Haroub alikuwa muuguzi, lakini mji mzima ulimwita daktari, naye hakuwahi kuusahihisha mji.

"Daktari, nataka kupunguza dawa," Somoe akasema.

Haroub akaenda kumuuliza daktari mkubwa hospitalini, akarudi na jibu. "Tutapunguza, lakini kidogo kidogo. Tunashuka ngazi moja, tunakaa, tunatazama. Usingizi utakusumbua, maana mwili umeizoea dawa. Kukosa usingizi peke yake si lazima iwe maradhi yamerudi. Ila ukiwasikia wale wa kisimani, njoo siku hiyo hiyo."

Wakashuka ngazi ya kwanza. Mkono ukatulia, na usingizi ukaruka. Somoe akawa analala macho kodo, asubuhi anashona akipiga miayo. Haroub akasema, "Tusishuke tena kwanza. Tukae hapa hapa." Wakakaa.

Mumewe, Faki, naye akashika lake. Nyumba ya Faki ndiyo iliyokuwa na baraza la kahawa na bao, na wanaume walikuwa wakipiga kelele pale mpaka majirani wachoke. Faki akawahamisha. Mwanamume kuhamisha baraza lake si mchezo jamani. Walimcheka, wakasema mke amempanda kichwani. Hakujali. Na kila alfajiri alimwamsha Somoe, awe amelala au hakulala. "Amka mke wangu, mchana si wa kulala. Ukiumaliza usingizi sasa, jioni utaupata wapi?"

Kulikuwa na wa tatu, Bi Mwanakombo, mama yake Somoe. Yeye alikumbuka maradhi yalivyoanza, na moyo wake ulikuwa juu juu. Alikuwa ameficha vidonge vya zamani vilivyobaki. Akawa anasaga kidogo kwa mgongo wa kijiko, anatia katika uji wa jioni, anakoroga, anampa mwanawe.

Somoe akalala. Alilala mpaka Faki akawa anamsogelea kusikiliza kama anapumua. Haroub akafurahi, akasema, "Mwili umezoea. Tushuke ngazi ya pili." Wakashuka.

Lakini mkono ukarudi kutetemeka. Somoe akaenda kuuonyesha. "Daktari, dawa imepungua, mbona mkono umezidi?"

"Wasiwasi tu huo," Haroub akamwambia, akaita mgonjwa mwingine.

Na jioni moja Faki akaingia jikoni kutafuta kiberiti, akamkuta mkwewe anasaga kitu cheupe. Wakatazamana. Faki akachukua kiberiti akatoka. Hakusema neno, maana mkewe alikuwa analala, na yeye pia alikuwa analala, na mtu aliyeonja raha hiyo baada ya tabu haichezei.

Vidonge vya Bi Mwanakombo vikamalizika. Basi Somoe, aliyedhaniwa ameshuka ngazi moja moja, akaporomoka ngazi mbili kwa mpigo. Usingizi ukamkimbia kabisa. Asubuhi moja, sindano mkononi, akainua kichwa, akauliza, "Nani ananiita kisimani?"

Haroub akaitwa, akaja mbio, akamsikiliza, akatikisa kichwa. "Maradhi yamerudi. Turudi dozi ya zamani, na tusijaribu tena."

Somoe akaiweka sindano chini, akalia. Hakuwalilia wa kisimani. Alililia mikono yake. Faki akamtazama mkwewe, kisha akainama akaiokota sindano.

Ndipo Bi Mwanakombo akasema, "Hayakurudi yenyewe. Ni mie." Akaeleza yote, uji na vidonge na kijiko, hata jioni ile ya kiberiti, mbele ya mkwewe na mbele ya daktari, uso umemwiva kwa haya.

Haroub akahesabu upya. Akampandisha ngazi, wakakaa muda mrefu, kisha wakaanza kushuka tena, polepole kuliko mwanzo. Wa kisimani wakanyamaza. Usingizi ukaja vipande vipande, kisha ukaja mzima. Leo Somoe anameza dawa kidogo tu, na anashona. Mama yake anampenda sana, lakini uji Somoe anajipikia mwenyewe.

Sasa mji ule una ada yake: kofia ya kwanza ya mshonaji aliyepona na kuinuka kitandani haiuzwi. Hupewa mtu aliyemwinua, naye huvaa, au huchagua wa kumvika. Kofia ya Somoe ilipokaribia kwisha, wakaja wote watatu.

Haroub akasema, "Ni yangu. Mimi niliishusha dawa bila kukuangusha. Ulipoanguka, ni mimi niliyekusimamisha."

Faki akasema, "Ni yangu. Dawa ilishuka, lakini nani aliyekaa na wewe ndani ya nyumba? Nilipoteza baraza, nikachekwa. Kila alfajiri, mkono huu ndio uliokuamsha."

Bi Mwanakombo akasema, "Mie sivai kofia, nitamvika kaka yako, yuko mlangoni. Lakini ni yangu. Nilikosa, nakiri. Ila nyie wenzangu mngedhani maradhi yamerudi, mngemfungia kwenye dawa maisha yake yote. Aliyesema kweli ni nani? Nyie wawili mlikuwa na macho."

Somoe akawatazama mmoja mmoja. Akamwambia Haroub, "Nilikuonyesha mkono ukauita wasiwasi." Akamwambia Faki, "Uliona, ukachukua kiberiti." Akamwambia mama yake, "Ulinilaza bila kuniuliza." Kisha akasema, naye machozi yanamlenga, "Na bila nyinyi watatu nisingeshona hata kitobo kimoja."

Akashika uzi. Kofia ya mkono haifungwi ukingo mpaka ipimwe kwenye kichwa cha mwenyewe, na ikishafungwa haikai vizuri kwa mwingine. Hapo hapo, mbele yao, ilimpasa apime.

Mimi najua alichofanya, na siwaambii. Wewe uliyeanza kutikisa kichwa tangu niliposema Faki alinyamaza, na wewe unayemtetea mama kwa sababu nawe ni mama, semeni kwanza. Haroub, Faki, Bi Mwanakombo: je, nani alistahili kofia ya Somoe?