Alama Nyeupe na Nafasi Moja ya Chuo

Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mbishane. Mara ya mwisho nilipolisimulia jambo hili, mume na mke walirudi nyumbani hawasemeshani, na mimi nikalaumiwa.

Katika hospitali ya misheni ya Lwifa, kule milimani kwenye chai na ukungu, walikuwapo wafanyakazi watatu wa chumba cha eksirei. Mtaalamu wa kupiga picha alikuwa mmoja tu, Bwana Mwakitalu, na alibakiza miaka minne kustaafu. Hawa watatu walikuwa wasaidizi wake.

Tusekile alipokea wagonjwa, akaandika majina yao na kupanga picha zao kwenye bahasha. Kipaji chake kilikuwa jicho. Picha aliyoiona leo, hata mwakani angekwambia ni mbavu za nani.

Ambokile alikuwa fundi wa mashine. Kipaji chake kilikuwa kutoamini. Ukimwambia soketi haina umeme, anakuitikia vizuri, halafu anakwenda kuipima mwenyewe.

Wa tatu, aliyeitwa Sikudhani, aliwafuatilia wagonjwa majumbani. Kipaji chake kilikuwa watu. Aliweza kukaa jikoni kwa mtu asiyemjua, na kabla maharage hayajaiva, ameshaambiwa yale ambayo daktari hakuambiwa.

Wote watatu walimaliza kidato cha sita kwa fizikia, kemia na baiolojia. Wote walitaka kitu kimoja: kusoma shahada ya radiografia ya uchunguzi. Hospitali ilikuwa na makubaliano na chuo kikuu kimoja, kwamba kila mwaka ipeleke mfanyakazi mmoja, idara kwa zamu, imlipie ada, naye arudi akiwa mtaalamu. Mwaka huo zamu ilikuwa ya eksirei, na chuo kiliandika barua: makubaliano yanakwisha, nafasi hii ndiyo ya mwisho. Fomu lazima igongwe muhuri wa mkurugenzi na kutumwa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Tangu barua hiyo isomwe, chumba cha eksirei kilibadilika. Chai ya saa nne waliyoizoea kwenye birika moja, sasa kila mtu alikuja na chupa yake. Tusekile alianza kufunga droo yenye vyeti vyake. Sikudhani, aliyekuwa akiwaazima wenzake madaftari ya fizikia, alisema yameliwa na mchwa. Ambokile akimwona yeyote anatoka ofisi ya mkurugenzi, Sista Edeltruda, humuuliza, "Ulikuwa na shida gani huko?" Na kila jibu alilopewa halikumtosha.

Sasa, Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, Tusekile alikuwa akipanga picha za vifua. Akashika ya mwanamke aliyeitwa Subilaga, aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Kulikuwa na alama nyeupe kwenye pafu, ndogo kama punje ya harage. Daktari, ambaye alifika hospitalini mara mbili tu kwa wiki na kusoma rundo zima kwa mkupuo, alikuwa ameandika: kifua kikuu. Makohozi hayakuonyesha vijidudu, lakini picha ndiyo iliyoaminika.

Tusekile akasimama. Alama ile alikuwa ameiona. Akafungua bahasha za nyuma, moja baada ya nyingine, akapata nyingine tatu: dereva wa lori la chai, na mzee mmoja na mkewe. Kwa dereva, mtu mrefu, alama ilikaa chini ya pafu. Kwa bibi mfupi, ilikaa juu karibu na bega. Lakini akipima kwa vidole kutoka ukingo wa picha, alama zote nne zilikuwa sawasawa: vidole vitatu kutoka kulia, vinne kutoka juu. Ugonjwa haupimwi kwa vidole kutoka ukingo wa picha. Na picha zote nne zilipigwa kwa kaseti namba tatu, kile kibao bapa ambacho mgonjwa hukiegemezea kifua.

Je, alikwenda kusema? Hakwenda. Aliwaza: kaseti husafishwa na Ambokile, wagonjwa huletwa na Sikudhani, picha hupangwa na mimi. Mtu ameniwekea mtego. Nikisema, wataniambia nimezichafua mwenyewe. Akafunga bahasha kwenye droo pamoja na vyeti vyake, akakaa na jambo hilo Jumatatu na Jumanne. Siku hizo hizo, mama mkwe wa Subilaga alimchukua mtoto mchanga akampeleka kwake, kijiji cha pili, asije akaambukizwa.

Jumatano asubuhi Tusekile alishindwa kuvumilia. Akamwita Ambokile, akamtandazia zile picha nne mezani, na badala ya kuziangalia picha akamwangalia yeye usoni.

"Mbona unanitazama hivyo, dada?" Ambokile akauliza.

"Nataka nione kama umeshtuka."

"Unanishuku?"

"Ndiyo."

"Basi tuko sawa," Ambokile akasema, "maana na mimi nakushuku wewe. Jicho gani hilo linaloona vitu wiki ya fomu tu?"

Lakini hakuziacha. Alikwenda kwa Bwana Mwakitalu, akamwomba ruhusa ya kujaribu kaseti namba tatu. Bwana Mwakitalu alikasirika. "Miaka ishirini na tisa napiga picha, wewe unaniambia kaseti yangu inaugua?" Ambokile akamjibu kwa heshima, "Shikamoo yako naiheshimu, mzee, lakini leo ni zamu ya ukaguzi wa mashine, na picha ya majaribio imo kwenye ratiba." Mzee akabonyeza kitufe huku akinung'unika.

Walichokipiga picha kilikuwa mfuko wa unga wa sembe, kilo tano, kutoka duka la getini. Picha ikatokea kwenye kioo. Katikati ya unga kulikuwa na alama nyeupe, vidole vitatu kutoka kulia, vinne kutoka juu.

"Haya," Ambokile akasema, "unga nao una kifua kikuu."

Hakuna aliyecheka. Akaifungua kaseti, na ndani, juu ya bamba linaloshika picha, akakuta tone limekauka. Ilikuwa bariamu, ile dawa nyeupe kama uji ambayo wagonjwa wa tumbo hunyweshwa ili utumbo uonekane. Bwana Mwakitalu alikaa kwenye kiti akavua miwani.

Sasa sikilizeni jambo moja la Ambokile. Kila mwezi yeye hufungua kaseti zote, hufuta bamba, kisha hutia saini kitabuni. Mwezi ule alikuwa ametia saini bila kuifungua namba tatu. Alijua kwamba akifungua mbele ya watu, saini yake inafunguka pia. Angeweza kungoja wenzake watoke, akafuta tone kimya kimya, na mwanzo wa alama ile usingejulikana kamwe. Hakungoja. Alifungua pale pale, mbele ya Bwana Mwakitalu na mbele ya Tusekile, mshindani wake.

Wakampigia daktari simu. Daktari alisikiliza, akasema, "Siwezi kumwachisha mtu dawa kwa ajili ya mfuko wa unga. Tone linaweza kuwa kwenye kaseti, na ugonjwa ukawa kwenye pafu vilevile. Nileteeni wagonjwa wote wanne kesho, wapigwe kwa kaseti nyingine. Kesho kutwa mimi nasafiri, sirudi wiki tatu."

Hapo ndipo kazi ikamwangukia Sikudhani. Walipomweleza, kwanza aliwatazama kwa zamu. "Kwa hiyo mlikuwa mnajua, mimi tu ndiye sijui. Na mnanituma vijijini siku mbili kabla ya fomu kufungwa, nyinyi mkibaki hapa karibu na Sista. Nyinyi ni watu wajanja."

Akaenda hata hivyo.

Dereva alikuwa amesimamishwa kazi. Alimfungulia mlango nusu. "Mlinipiga picha moja nikapoteza lori. Ya pili mnataka nipoteze nini?" Sikudhani alisimama pale mlangoni na mvua ikimnyeshea mpaka dereva akaona aibu, akakubali kwenda. Mzee na mkewe walikubali kwa sharti kwamba awashike mikono njia nzima, kwa kuwa majirani walikuwa wameacha kuwashika.

Subilaga alikataa kabisa. Alikuwa amekaa peke yake ndani, maziwa yamemjaa, kanga imelowa kifuani. "Mtoto wangu ananyweshwa maji ya mchele," akasema. "Picha yenu ndiyo iliyomwondoa. Toka."

Sikudhani hakutoka. Mezani kulikuwa na kikombe cha bati ambacho Subilaga alikuwa ametengewa, ambacho mtu mwingine hakukigusa. Sikudhani akakichukua, akamimina chai iliyobaki, akainywa yote.

Subilaga akamtazama sana. "Unataka nini kwangu?"

"Nataka twende kesho asubuhi. Sista mkurugenzi mwenyewe ameagiza. Amesema ukionekana mzima, atakuja na gari kumchukua mtoto."

Sista hakuwa ameagiza wala kuahidi chochote. Hata habari yenyewe hakuwa nayo bado. Lakini Subilaga aliinuka, akatafuta viatu.

Alhamisi wote wanne walipigwa picha kwa kaseti namba moja. Mapafu ya dereva yalikuwa safi, ya mzee na mkewe safi, na ya Subilaga safi kama ya mtoto wake. Daktari alizitazama mara mbili, akalinganisha na makohozi, akaandika: dawa zisitishwe. Na Sista Edeltruda, alipoambiwa ahadi iliyotolewa kwa jina lake, aliita dereva wa hospitali. Siku hiyo kabla jua halijatua, mtoto alirudi kwa mama yake, akanyonya mpaka akapaliwa.

Ijumaa saa tisa alasiri, Sista aliwaita watatu ofisini. Mezani kulikuwa na fomu tatu na muhuri mmoja.

"Niliwapongeza jana," akasema. "Leo nawauliza. Chupa ya bariamu hupita mikononi mwenu wote. Tusekile huipokea, Ambokile huifungia kabatini, Sikudhani huwanywesha wagonjwa. Nani aliimwaga?"

Sista akausogeza muhuri kando.

"Na mtanisamehe, lakini nitajuaje kwamba mmoja wenu hakuliweka tone hilo kwa makusudi, ili baadaye alivumbue na apate chuo?"

Tusekile alisema, "Sista, bila jicho langu pasingekuwa na habari hii. Wangekuwa wanakunywa dawa mpaka leo."

"Jicho lililoona Jumatatu, mdomo ukafunguka Jumatano," Ambokile akadakia. "Mimi ndiye niliyegeuza wasiwasi wa mtu kuwa ushahidi, na nimejianika mwenyewe."

"Umejianika kwa sababu hukufanya kazi yako," Tusekile akamjibu. "Ungefungua kaseti mwezi ule, nisingekuwa na cha kuona."

Sista akamgeukia Sikudhani. "Na wewe?"

"Wao waliona picha," Sikudhani akasema. "Mimi niliwaleta watu. Picha na unga visingemwachisha mtu dawa, daktari mwenyewe alisema."

"Uliwaleta kwa uongo, na kwa jina langu."

"Ndiyo, Sista. Na leo ningeusema tena."

Sista aliziangalia fomu. Alama zao za mitihani zilikuwa karibu sawa, na barua zao za maombi zote ziliandikwa vizuri. Akafikiria mtaalamu wa picha anapaswa kuwa mtu wa namna gani: anayeona, anayethibitisha, au ambaye mgonjwa anakubali kumsogelea. Akafikiria pia makosa: kunyamaza siku mbili, kutia saini bila kufungua, kusema uongo. Na nyuma ya yote lilikuwapo lile tone, ambalo hadi leo hakuna aliyekiri kulimwaga. Akasema, "Tokeni nje kidogo." Wakatoka, wakasimama kwenye veranda, kila mmoja akiwatazama wenzake kwa pembe ya jicho. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Mimi nilipofika hapa nilishindwa, ndiyo maana nimewaletea nyinyi. Wewe uliye mbele, na wewe mama uliyekunja uso tangu nilipomtaja Subilaga, semeni. Mmoja tu ndiye atakayekwenda, na atakayerudi ndiye atakayewapiga picha nyinyi na watoto wenu. Muhuri nauweka mkononi mwako, dakika zimebaki kumi na tano: je, wewe ungeugonga kwenye fomu ya nani?