Mashavu na Kila Kinachouma

Haya, masikio huku! Tayari?

Palikuwa na mama mmoja, Mashavu, analima maboga, kutulia hajui. Mbu akimuuma, anaruka. Siafu wakimuuma, anaruka. Nyuki alipomuuma shavuni, akakimbilia kwa zimwi la kisimani.

"We zimwi! Niondolee kila kinachouma shambani!"

"Kila kitu, mama?"

"Usinichoshe, ondoa!"

Zimwi likawafyonza wote, fyuu! Shamba likawa kimya. Maboga yakatoa maua tele, maua yakanyauka, boga hata moja hakuna. Watoto wakaanza kulia.

Mashavu mbio kisimani. "Njaa inauma! Mbona hukuiondoa?"

"Njaa ilikuwa inaondolewa na nyuki. Nani sasa abebe unga wa maua, mimi?"

"Basi watapike wote uliowafyonza!"

Zimwi likatapika. Nyuki wa kwanza akamdunga Mashavu shavu lilelile. Mama akaruka, akapiga vigelegele.

Yangu imeishia hapo, anayejikuna aendelee.