Kiwanja Huchaguliwa kwa Ndoo

"Kiwanja huchaguliwa kwa ndoo." Nimemwambia Lusajo, anayetafuta kiwanja, maneno hayo, nanyi mmecheka, mkiuliza ndoo inajua nini kuhusu viwanja. Sikilizeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, Mbeya ikiwa bado mji mdogo na bomba la maji halijapanda mlimani, karani mmoja aitwaye Ambakisye alitaka kujenga. Alionyeshwa viwanja viwili. Kimoja kilikuwa bondeni karibu na chemchemi, kimebanwa na nyumba za watu. Cha pili kilikuwa juu, ubavuni mwa mlima Loleza, na ukisimama pale unauona mji wote. Ambakisye alikipenda hicho cha juu kama mtu aliyelogwa. Alikuwa amekitembelea mara nne, kila mara mikono mitupu.

Mkewe, Tusekile, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na mkunga alikwisha kumwonya juu ya kubeba mizigo mlimani. Tusekile aliogopa sana. Alisema mara moja, mara mbili, mumewe hakusikia. Siku ya kwenda kulipia, alimpa ndoo na ngata.

"Mume wangu, leo panda na hii. Ijaze pale chemchemini."

"Mimi? Nibebe maji kichwani, watu wanione?"

"Mimi wataniona kila siku. Wewe ni leo tu."

Ambakisye alikuwa mbishi, akaenda ili amwonyeshe kuwa si kitu. Wanawake wa chemchemini walimtwika huku wakijizuia kucheka. Njiani alitua mara tano. Alipofika juu, shati limelowa, ndoo ilikuwa nusu. Mji ulikuwa pale chini, unapendeza kama kawaida. Hakuutazama.

Alirudi nyumbani taratibu.

"Tusekile, ni mara ngapi kwa siku?"

"Nne. Mgeni akija, tano."

"Nimekosa," alisema. "Nisamehe."

Akanunua bondeni, akajenga upesi.

Miezi mitatu baadaye nilizaliwa mimi, katika nyumba ambayo dirisha lake linaona ukuta wa jirani tu.

Sasa wewe Lusajo, hicho kilima unachokisifu tangu asubuhi, mkeo umempeleka? Usiniambie siku hizi kuna bomba. Atakayekipanda kila jioni na mtoto mgongoni na mkaa kichwani ni nani? Kiwanja, mwanangu, huchaguliwa kwa ndoo.