Nguchiro Aweka Mwiko Chini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mashemeji na majirani wa kuazima chumvi, palikuwa na Nguchiro mmoja, mama wa watoto wanne. Alikuwa mdogo, mwembamba, mwepesi. Ukigeuka kumtazama, ameshafika upande wa pili. Alifanya kazi kwa Kifaru.

Kifaru alikuwa na kiwanda cha togwa. Togwa mnaijua, msijifanye: ule uji uliopoa, ukatiwa kimea cha ulezi, ukalala, ukaamka mtamu. Pori zima lilikunywa togwa ya Kifaru. Hata Chui, asiyesalimia watu, alikuja na kibuyu chake akangoja zamu.

Sasa, Kifaru ana mwili wa nyumba nzima, lakini macho yake hayafiki mbali. Kiwandani aliona vitu vikubwa tu: kuni alizobeba Ngiri, na vyungu alivyopanga Nyani. Nguchiro alimwona kwa shida, na kazi ya Nguchiro hakuiona kabisa.

Na kazi yenyewe? Kuloweka ulezi, kuuotesha, kuuanika, kuusaga. Kupika uji, kuupooza, kutia kimea, kuonja. Kwa yote hayo alilipwa kibaba kimoja cha mtama kila juma. Kibaba kimoja kwa watoto wanne, mama yao, na mume juu! Jumatatu walikula ugali, Jumanne ugali, Jumatano ugali wa kulambishana. Kuanzia Alhamisi ilikuwa mchunga mtupu, ile mboga chungu, na watoto wakimtazama mama yao kama kwamba yeye ndiye aliyeiumba.

Masika yalikuwa karibu. Masika mashimo huzungukwa na maji, hakuna wa kutoka kutafuta chochote, na asiye na akiba humaliza mvua hizo na watoto pungufu. Hilo ndilo lililomuuma Nguchiro kila alipokoroga.

Mishahara Kifaru aliitoa nyuma ya jiko, mmoja mmoja, mlango umefungwa. "Mshahara ni kama nguo ya ndani," alipenda kusema. "Haonyeshwi mtu." Wafanyakazi wakaona hiyo ndiyo adabu, wakanyamaza.

Siku moja Ngiri aliteguka bega. Walipotoka kazini akasema, "Dada Nguchiro, nisaidie kubeba mfuko wangu mpaka njia panda."

Nguchiro akauinua. Haukuinuka. Akajaribu tena, ukapanda kidogo, ukarudi chini, puu.

"Humu umeweka nini, kaka? Mawe?"

"Mtama. Mshahara wangu."

"Wa juma hili moja?"

"Pishi moja, kama kawaida. Kwani wewe unapata ngapi?"

Pishi ni vibaba vinne, kwa wale msiojua. Nguchiro alikaa chini pale pale njiani. Ngiri alileta kuni asubuhi, akimaliza alilala kwenye majivu mpaka jioni. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alipouona uso wa mwenzake alielewa, akainamisha kichwa.

"Mimi sikujua," akasema.

"Hata mimi," akasema Nguchiro.

Kesho yake aliingia kwa Kifaru. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Bwana Mkubwa, nina neno."

"Nani hapo? Ah, Nguchiro. Uji umeungua?"

"Haujaungua. Haujawahi kuungua. Naomba uniongeze mshahara. Ngiri analipwa pishi."

Kifaru akapumua, pfuuu, majivu yakaruka. "Nani kakwambia?"

"Mfuko wake."

"Ngiri ni mwanamume, ana nyumba ya kulisha. Wewe si una mume?"

"Ninaye. Naye anakula."

"Halafu kazi yako ni nini hasa? Kukoroga! Mama yangu alikoroga maisha yake yote na hakuna aliyempa hata punje. Haba na haba hujaza kibaba, bibi wewe. Shukuru ulichonacho."

"Ahsante, Bwana Mkubwa," akasema Nguchiro.

Alipofika nje ndipo alipokisikia alichosema. Ahsante! Amenyimwa, na ameshukuru. Mkia ulimsimama kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Akakoroga vyungu vitatu bila kusema na mtu.

Lakini mkono ukikoroga, kichwa kinapata nafasi. Akawaza: nikimwambia kazi yangu ni kubwa, haioni. Nikimpigia kelele, atanifukuza, na wa kutaka kibaba kimoja hawakosekani. Huyu bei ataitaja mwenyewe. Na ili aitaje, lazima kwanza kazi imkalie yeye shingoni.

Zikapita siku mbili. Mama Tembo akaja kuagiza vyungu arobaini vya togwa kwa harusi ya binti yake, siku nane mbele. Nguchiro alimngoja aondoke, kisha akaingia kwa Kifaru.

"Bwana Mkubwa, mdogo wangu kajifungua. Nakwenda kumlea, juma zima."

Na huo haukuwa uongo, maana ukoo wa nguchiro haukosi aliyejifungua.

"Juma hili la harusi?"

"Mtoto hakuuliza harusi ni lini."

"Na togwa?"

"Ah, ni kukoroga tu, Bwana Mkubwa," akasema Nguchiro kwa upole. "Mwiko huu hapa." Akauweka chini taratibu, akaondoka, na safari hii hakusema ahsante.

Siku ya kwanza Ngiri alishika mwiko. Akapika uji, na ukiwa bado unatokota akamwaga kimea chote, pwaa! Akangoja utamu. Asubuhi uji ulikuwa vilevile, mzito, unavuta, kwatu, kwatu. Ungeweza kugandishia kiti.

Siku ya pili Nyani alisema wenzake hawana akili. Akaupooza uji mpaka ukawa baridi kabisa, akatia kimea, akalala. Ulipoamka ulikuwa umechacha. Nyani akauonja, uso ukakunjana, akadai alikusudia hivyo.

"Tumwite Nguchiro?" Ngiri akauliza.

"Nimwite aje anitambie?" Kifaru akajibu. "Nipisheni. Kukoroga!" Akaushika mwiko, hakuona chungu kilipo, akainama kukitafuta, pembe ikatangulia. Kra! Uji ukamshuka usoni mpaka kwenye magoti.

Ikawa hivyo siku ya tatu, na ya nne. Siku ya tano Mama Tembo akapita.

"Kifaru, nasikia harufu ya kuungua."

"Ni kuni mbichi, mama."

"Siku tatu zimebaki. Harusi ya mwanangu ikikosa togwa, nitakuja kukaa juu ya kiwanda chako."

Na Tembo akisema atakaa, hukaa. Kifaru akamwita Hondohondo, ndege mpiga mbiu.

Sheria ya mbiu pori zima liliijua. Mwenye kazi huitaja kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe, na mshahara wake, mbele ya watu. Wa kwanza kuitikia ameipata. Na neno likishatoka, halirudi. Ukimpata wa rahisi, bahati yako. Ukimpata wa ghali, ndiyo hiyo.

Mbuuu! Mbuuu! Kule ng'ambo ya kilima Nguchiro alikuwa akimwogesha mtoto wa mdogo wake. Akasikia, akakausha mikono. Mdogo wake akamfunga mtoto mgongoni, wakashuka pamoja, wakajibanza nyuma ya kichuguu karibu na kiwanda, ambako pori zima lilikuwa limekusanyika.

"Dada, akiitikia mwingine?" mdogo mtu akanong'ona.

"Nitakuwa nimekosa hata kile kibaba."

 Hilo hakuwa amelisema kwa sauti mpaka hapo.

"Kazi ni nini, Mzee?" Hondohondo akauliza.

"Kukoroga togwa. Kibaba kimoja kwa juma."

Fisi akajikuna. "Kibaba kimoja hata wa kunikuna mgongo simpi."

"Basi viwili."

"Dada, ni mara mbili ya wako. Itikia," mdogo wake akanong'ona.

"Bado."

Pundamilia akanyanyua kichwa. "Mzee, kama ni kukoroga tu, mbona Ngiri kashindwa?"

"Kwa sababu..." Kifaru akajikohoza. "Kwa sababu si kukoroga tu. Kuna kimea. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, usizidi siku zake. Unaanikwa. Unasagwa."

"Hizo ni kazi nyingine nne," akasema Hondohondo, aliyependa mambo yawe wazi. "Nitangaze nini?"

"Pishi moja."

Pishi! Mshahara wa Ngiri. Magoti ya Nguchiro yalinyanyuka yenyewe. Mdogo wake alimsukuma kwa kiwiko. Nguchiro akaung'ata mkia wake, akakaa chini tena, na kukaa huko kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. "Kataja nusu ya kazi tu," akasema. "Mwache aendelee kutaja."

"Na uji je?" Pundamilia akauliza.

"Uji ukiwa wa moto mno, kimea kinakufa. Ukipoa mno, togwa inachacha kabla haijawa tamu. Mkono ndio unaojua." Kifaru akatazama chini. "Mimi nimejaribu. Mkono wangu haujui."

Wanyama wakatazamana. Kifaru hajui? Nyuma ya kichuguu Nguchiro aliyasikia maneno hayo, na macho yakamlowa, kwa sababu miaka yote hiyo alidhani labda kweli ni kukoroga tu.

"Pishi mbili kwa juma," akasema Kifaru.

Fisi akasimama. "Pishi mbili? Hapo sasa." Akafungua mdomo kuitikia. Lakini Fisi ni Fisi. "Kwanza, kuonja kumo?"

"Kumo. Kila chungu, kila siku."

Fisi akalamba midomo.

"Lakini ni kuonja na kutema," Kifaru akaongeza. "Aliyeshiba hautambui utamu."

Fisi akakaa polepole. "Kutema togwa? Hapana. Kwetu hajawahi kuzaliwa mtu aliyetema kitu."

Mama Tembo akapiga mguu, tii! "Kifaru. Jua linakwenda."

"Pishi mbili kwa juma!" Kifaru akasema. "Na gunia zima la mtama kabla ya masika. Nipeni mtu."

"Naitikia," akasema Nguchiro.

Hakupiga kelele. Alitoka nyuma ya kichuguu, akatembea katikati ya kwato zote hizo mpaka mbele.

"Nani huyo? Nguchiro? Wewe si mtu wangu tayari? Wewe nakulipa kibaba kimoja!"

"Kile kilikuwa cha kukoroga, Bwana Mkubwa. Hii uliyoitangaza ni kazi nyingine. Umeitaja mwenyewe, yote, na mshahara wake."

Kifaru akamgeukia Hondohondo. "Neno limetoka, Mzee," akasema Hondohondo. "Mbiu nimepiga."

"Mpe mwiko wake," akasema Mama Tembo.

Kifaru aliinama. Akasogeza jicho, akasogeza, mpaka pembe ikakaribia kumgusa Nguchiro puani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona vizuri.

"Kumbe ni mdogo hivi," akasema. "Na kazi yote ile?"

"Yote ile. Na kuna jambo moja zaidi kabla sijashika mwiko. Mishahara itolewe mlangoni, mbele ya wote. Si nyuma ya jiko."

Kifaru alitaka kusema la nguo ya ndani. Kabla hajafika mbali, Ngiri akakohoa. "Hata mimi nataka mlangoni," akasema. Nyani naye akaunga mkono, ingawa alikuwa na wasiwasi na kitakachoonekana.

"Haya," akasema Kifaru. "Mlangoni."

Basi Nguchiro akashika mwiko. Akapika uji, akakaa, akaweka mkono juu ya chungu. Watu wote wakamtazama. Akaondoa mkono. "Bado." Akauweka tena. "Sasa." Kimea kikaingia, choroo. Asubuhi Mama Tembo alionja kidogo, akaonja tena, akavuta chungu kizima kwa mkonga bila kumwambia mtu neno. Vyungu arobaini vilifika harusini, na Kifaru alicheza ngoma mpaka akamkanyaga baba wa bwana harusi.

Gunia lilibebwa na Ngiri, bega limepona. Alilitua shimoni kwa Nguchiro, na juma hilo hilo mvua ikaanza. Maji yakapita nje, shaa, shaa, yakapita. Ilikuwa Alhamisi. Ndani watoto wanne walikuwa wakila ugali, na aliyemaliza akanyoosha sahani, akaongezwa. Mume naye akanyoosha yake. Naye akaongezwa, haya.

Nguchiro akaegemea gunia. Akashusha pumzi ndefu, ile iliyomkaa kifuani tangu siku ya mfuko wa Ngiri, akacheka peke yake, akalia kidogo, akacheka tena. Mimi niliwaacha hapo mvua ikinyesha, nikaja na kibuyu changu kimejaa. Nanyi shikeni hili moja:

Akikwambia kazi yako ni ndogo, usibishane naye, mwachie mwiko.