Nguchiro na Nywila za Wakubwa

Hapo zamani za kale, tena siyo kale sana, maana simu zilikwishakuwepo, wanyama wa msitu wa Mnyenzi walikuwa na ghala moja kubwa la chakula. Ndani yake kila mmoja alikuwa na chumba chake. Ukitaka chakula, unasimama mbele ya ghala, unatoa simu, unaandika jina lako na nywila, yaani lile neno la siri unalolijua wewe peke yako. Ukipatia, krii! mlango wa chumba chako unafunguka. Ukikosea, tuu! Haufunguki ng'o.

Mtunza ghala alikuwa Bundi. Mchana alilala juu ya paa. Bundi ni bundi, utamfanyaje?

Sasa, watoto wangu, katika msitu huo alikuwapo Nguchiro. Mdogo, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Kulima hakupenda. Akiliona jembe tu, mgongo unamuuma. Lakini kula? Ah! Kula alipenda.

Siku moja akaenda kwa Nyati.

"Hodi, mjomba! Shikamoo!"

"Marahaba. Karibu."

"Loo, mtoto mzuri huyu! Pembe kama za baba yake! Anaitwa nani?"

Nyati akatanua kifua. "Huyu ndiye kifungua mimba wangu, Kishindo! Kila kitu changu nimekipa jina lake. Shamba langu Kishindo. Baiskeli yangu Kishindo. Hata jogoo wangu ni Kishindo!"

"Hongera, mjomba, hongera sana," akasema Nguchiro, akaaga haraka.

Mchana jua lilipowaka na wote wamelala, akanyata mpaka ghalani. Akaandika: Nyati. Kishindo. Krii! Akatoka na gunia zima la mahindi kichwani, na siku hiyo mgongo haukumuuma hata kidogo.

Kwa Bi Kiboko hakuuliza lolote. Alipanga foleni nyuma yake tu. Bi Kiboko alikuwa na nywila ngumu kwelikweli, herufi na namba zimechanganyika. Tatizo lake moja: hakuweza kuandika bila kutamka.

"Teee kubwa! Tano! Tano tena! Alama ya kuuliza! Aaa ndogo!"

Nguchiro nyuma yake anatikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza taarabu.

Na Babu Tembo? Huyo alikuwa kiongozi wa kwaya, na nyimbo zote aliziweka mtandaoni.

"Mjukuu wangu, unataka kusoma nyimbo zetu? Andika 'mkonga', zitafunguka."

"Asante, Babu. Wewe hulisahau neno hilo?"

"Nitalisahau vipi? Ndilo ninalotumia kila mahali! Kichwa changu ni kikubwa, lakini nafasi ya maneno mawili sina."

Kesho yake mchana, krii! Mchele wa harusi ya binti Tembo ukaondoka. Karanga zikaondoka. Ndizi zikaondoka, mkungu kwa mkungu.

Harusi ilipokaribia, Babu Tembo akaenda kufungua chumba chake. Kweupe! Hata punje moja haikubaki. Akapiga ukelele, paaaah! msitu mzima ukakusanyika.

"Hata mimi nimeibiwa!" alinguruma Nyati.

"Hata mimi!" alilia Bi Kiboko.

"Na milango haikuvunjwa," akasema Nguchiro kwa sauti ya huruma. "Basi mwizi ni nani kama siyo mwenye kulinda?"

Wote wakamgeukia Bundi.

"Mimi? Jamani, mchana nalala!"

"Eti analala! Macho makubwa vile yanalala saa ngapi? Afukuzwe!"

"Afukuzwe! Afukuzwe!"

Bundi akatazama kiota chake pale juu ya paa. Mkewe alikuwa ameatamia mayai. Machozi yakamlenga.

Hapo Pimbi, mama mmoja mdogo kama kikapu, akasema, "Ngojeni kidogo." Hakuna aliyemsikia. Akapanda juu ya kichwa cha Bi Kiboko. "NGOJENI!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Msimfukuze mtu kwa kudhani. Tuchunguze kwanza. Mimi kesho naingiza asali yangu ghalani, ikiibiwa shauri yangu."

Wakanung'unika, lakini wakakubali. Harusi ikasogezwa mbele. Pimbi akamvuta Bundi pembeni.

"Ndugu yangu, mtu akikosea nywila, wewe unajua?"

"Nywila sahihi siioni kamwe. Ikikosewa tu, mashine ya mlango huandika neno lililokosewa kwenye kioo chake."

"Ahaa," akasema Pimbi.

Tangu hapo akawa anakaa mlangoni kwake, na kila apitaye anamlilia. Fisi alipopita, akamwambia, "Nimemkumbuka kifungua mimba wangu Tabasamu, anakaa kwa shangazi yake mlimani." Ngiri alipopita, akamwambia mtoto anaitwa Kiwavi. Kumbe hakuna mtoto yeyote mlimani, na shangazi mwenyewe hayupo!

Haya, akaja Nguchiro.

"Hodi, mama! Shikamoo! Mbona mnyonge?"

"Marahaba, mwanangu. Namkumbuka kifungua mimba wangu."

"Masikini! Anaitwa nani?"

"Zumaridi."

"Jina tamu! Bila shaka kila kitu chako umekiita Zumaridi."

"Mama gani asiyefanya hivyo?" akajibu Pimbi, akajifuta machozi yasiyokuwepo.

Nguchiro mate yakamjaa. Asali! Mchana akafika ghalani mbio. Pimbi. Zumaridi. Tuu! Akajaribu Zumaridi1. Tuu! Zumaridi123. Tuu! Akakuna kichwa, akatoweka.

Jioni Pimbi akaita mkutano.

"Wenzangu, nina swali jepesi. Kifungua mimba wangu anaitwa nani?"

"Tabasamu," akajibu Fisi.

"Acha uongo!" akasema Ngiri. "Anaitwa Kiwavi. Kaniambia mwenyewe."

"Nani amwite mtoto Kiwavi?"

"Muulize mama yake!"

Nguchiro hakuweza kujizuia. Akaruka katikati. "Nyinyi wawili hamna adabu! Mnamwaibisha mama wa watu. Mtoto anaitwa Zumaridi!"

"Babu," akasema Pimbi polepole, "tusomee kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine."

Babu Tembo akasogeza uso karibu na kioo. "Zu... ma... ri... di. Zumaridi moja. Zumaridi moja mbili tatu."

"Mtoto huyo sikumzaa," akasema Pimbi. "Nilimzaa kwa mdomo, na jina lake nilimpa Nguchiro peke yake."

Lo! Nguchiro akageuka akimbie, akagonga goti la Nyati, bu! Akakaa chini mwenyewe.

Akarudisha kilichobaki. Kilichokwisha kuliwa akakilipa kwa jembe, mashamba matatu, huku Bundi akimsimamia kwa jicho moja.

"Na wewe, Pimbi," akauliza Babu Tembo kwa aibu, "nywila yako ikoje hata akashindwa?"

"Wakubwa zangu, nyinyi mnachagua maneno ambayo msitu mzima unayajua. Mimi nachukua vitu visivyojuana, navishonanisha mpaka nicheke. Tuseme: kobe kavaa kaptula, radi ikamwaga uji. Nani atakisia hiyo? Nami nitamsahau vipi kobe mwenye kaptula?"

"Kwa hiyo ndiyo nywila yako?" akadakia Fisi.

"Ingekuwa yangu ningekutajia? Tafuteni zenu. Na Babu, kicheko cha ghala kiwe mbali na kicheko cha kwaya."

Usiku ule, watoto wangu, msitu wa Mnyenzi haukulala. Kwa Nyati, kwikwikwi! Kwa Bi Kiboko, ho ho ho! Babu Tembo alicheka mpaka kitanda kikavunjika, mkewe akamuuliza, "Una nini wewe?"

"Siri!" akajibu Babu Tembo, akaziba mdomo kwa mkonga wake.

Nanyi nywila yenu iwe ndefu, iwachekeshe wenyewe, na isimfikie mwingine hata akiwaita mjomba.