Beseni la Mjukuu

Hapo zamani, wanawake walipokuwa bado wakizalia nyumbani, Mwatime alijifungua binti, Kheri. Siku ya tatu mtoto akatoka vipele vyeupe usoni, vidogo kama chenga za mchele.

Mkunga, Bi Senga, alivitazama mara moja tu. Akiwa mlangoni, na haraka zake, akamwambia Bi Mgeni, mama mkwe wa Mwatime: "Viacheni. Maji safi yanatosha. Vitaondoka vyenyewe."

Bi Mgeni hakulifikisha neno lile. Alidhani mkunga amechoka tu, kwani dawa gani hiyo ya kutofanya kitu?

Siku ya kumtoa mtoto nje ikakaribia. Mwatime akaona haya, wageni waje waukute uso ule! Akavikamua kwa kucha. Vikawa vidonda, vidonda vikatunga usaha, mtoto akawaka homa hata watu wakaanza kunong'ona habari za sanda. Alipona, lakini alibaki na kovu shavuni. Tangu hapo Mwatime alimbusu shavu la pili tu.

Miaka ikaenda. Kheri naye akazaa, na mtoto wake akatoka vipele vilevile. Maji yakatiwa kwenye beseni. Nani atamwogesha?

Bi Senga akasema, "Beseni ni langu. Nilijua siku ile, na leo najua."

"Ulijua, ukamwambia asiyekuwa mama!" Bi Mgeni akamjibu. "Beseni ni langu mimi. Neno lile nimelibeba miaka yote hii, linanichoma. Niacheni nilitue kwa mjukuu wa mwanangu."

Mwatime alikuwa wa mwisho kusema. Mikono aliificha ndani ya kanga.

"Mimi ni mama mzaa mama, desturi yanipa beseni. Lakini silidai kwa desturi. Mwanangu, mikono hii ndiyo iliyokuumiza. Hakuna mingine hapa inayojua kama hii jinsi ya kutogusa."

Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Kheri akajishika kovu. Akamtazama mkunga, akamtazama bibi yake, akamtazama mama yake. Mtoto analia, maji yanapoa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazamane. Mtoto angekuwa wenu, mngemweka mikononi mwa nani? Je, nani alistahili?